Mpira wa besiboli wenye saini ya staa: jinsi ya kujua kama ni oji kabla hujatoa hela

Wakuu habari zenu. Nimeona niandike hii kwa kirefu maana huku Mwanza kuna biashara inakua kimyakimya na vijana wanapoteza hela za mtaji. Ukienda Mlango Mmoja asubuhi wakati belo za vitu vya michezo zinafunguliwa utaona jezi za Yankees, Dodgers, Cubs, glovu za ngozi, mara mojamoja na mpira mweupe wenye mishono myekundu, na kitu kikiwa na maandishi ya mkono tu basi bei inapanda palepale, "hii kasaini staa wa Marekani, ukiiweka mtandaoni unapiga milioni". Mtu anatoa laki, anatoa laki mbili, mwingine anakopa kabisa. Na ni kweli hivi vitu vina hela, ule mpira wa homurani (pigo linalotoa mpira nje ya uwanja) ya 50 ya Shohei Ohtani, staa wa Dodgers, aliyopiga Miami Septemba 2024, uliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4. Sasa penye hela hiyo na feki zipo, na huku kwetu besiboli tunaijua wachache, kwaiyo hata anayekuuzia mara nyingi hajui anachouza, sio kwamba ni tapeli, kasikia tu na yeye kaamini.

Njia ninayowafundisha watu ni moja, usianze na saini. Saini ndo kitu cha mwisho kuangalia. Anza na kitu chenyewe, alafu wino, alafu ndo mkono. Feki nyingi zinafia kwenye hatua ya kwanza kabla hata hujajua huyo mchezaji alikuwa anaandika vipi.

Kabla ya yote jiulize, hiki kitu kiliandikwa na mkono au kilichapwa kiwandani? Hapa ndo watu wengi wanaliwa. Glovu nyingi za Rawlings na Wilson zina saini ya mchezaji kiganjani, na hiyo sio kwamba mchezaji alikaa akaisaini, ni chapa, kalipwa jina lake litumike. Pitisha kucha juu ya herufi. Ukisikia kucha inadumbukia kwenye kimfereji chenye kingo laini, na kina ni kilekile kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, hiyo ni chapa tu, zimetoka glovu maelfu na maelfu zenye saini hiyohiyo. Magongo ya kupigia mpira ni hivohivo, watengenezaji wa magongo Louisville Slugger walianza kuweka saini ya mchezaji kwenye gongo tangu 1905, wa kwanza alikuwa Honus Wagner, na mpaka leo saini inachomwa kwenye mbao. Gongo lenye jina la kuungua rangi ya kahawia halijasainiwa na mtu.

Mipira nayo ipo ya zawadi, inauzwa uwanjani na kwenye maduka ya timu, imejaa saini za kikosi kizima. Hizo zimepigwa chapa. Utazijua kwa sababu wino wote ni rangi moja, unene mmoja, na majina yamepangika vizuri hayapandiani hata sehemu moja. Watu ishirini na kitu wakishikana mpira mmoja hawawezi kuandika kwa mpangilio ule. Ukitaka uhakika tafuta lenzi, masonara wa mjini wanazo, mwombe vizuri akuazime dakika mbili. Kama huna, dondosha katone kadogo sana ka maji juu ya kioo cha kamera ya simu, igeuze taratibu, sogeza karibu kabisa na maandishi, lile tone linakuza. Chapa nyingi zitakuonyesha vidoti au rangi iliyolala sawasawa kama karatasi, wino wa peni utakuonyesha sehemu umejaa na sehemu umekonda, na pale mistari miwili inapokatana utaona mmoja umepita juu ya mwenzake.

Kuna kundi lingine nalo linawachanganya watu sana. Mpira au jezi imesainiwa kweli na mikono ya watu kweli, ila ni watoto. Kule Marekani timu za watoto msimu ukiisha wanasainiana mpira wanampa kocha wao. Baadae kocha anahama nyumba, mpira unaingia kwenye belo, unavuka bahari unafika Mwanza. Ukiona majina mengi ya mwandiko wa duara wa shuleni, kila jina na namba ya jezi pembeni, na katikati pameandikwa Coach fulani na mwaka, hicho ni kitu kizuri cha kumbukumbu kwa huyo kocha ila sokoni hakina bei. Usimlipe mtu laki kwa hilo.

Haya, umeshajiridhisha kwamba ni wino wa mkono. Sasa kitu chenyewe. Mpira wa ligi kuu ya Marekani, MLB, una uzito wa gramu 142 mpaka 149, mzunguko wake sentimita 23 na kidogo, na una mishono 108 ya uzi mwekundu. Kupima ni rahisi, kanda hii ni ya dhahabu, mizani nzuri hazikosekani, weka mpira juu ya mizani ya sonara uone. Ngozi lazima iwe ngozi. Mipira mingi ya bei rahisi ni plastiki ngumu inayong'aa na imeandikwa China, wakati mipira ya MLB inatengenezwa na Rawlings kiwandani Costa Rica tangu 1990, na kabla ya hapo ilikuwa inashonwa Haiti. Simaanishi staa hawezi kusaini mpira wa China, shabiki akimpa atausaini. Ila muuzaji akikwambia "huu ulichezewa kwenye mechi ya ligi" na mpira ni wa plastiki, hapo kashadanganya jambo moja, na la pili utaliaminije?

Sasa sikilizeni hapa maana ndo kiini cha kazi nzima. Kila kitu chenye saini kina tarehe tatu. Mwaka kitu kilipotengenezwa, mwaka peni ya aina ile ilipoanza kuuzwa, na mwaka mchezaji alipofariki. Hizo tatu zikigongana, basi, umemaliza, huna haja ya kubishana kuhusu umbo la herufi.

Mpira wenyewe unakupa mwaka wake. Mipira rasmi ina saini ya kuchapwa ya bosi wa ligi, ambayo sio saini ya mchezaji, ni muhuri wa kiwanda. Ndani ya MLB kuna ligi mbili, American League na National League, na zamani kila ligi ilikuwa na rais wake. Ukisoma Will Harridge, huo ni wa American League kati ya 1931 na 1959. Warren Giles ni National League, 1951 mpaka 1969. Chub Feeney, National League pia, 1970 mpaka 1986. Bobby Brown, American League, 1984 mpaka 1994. Kuanzia 2000 mipira ya kawaida ya ligi zote mbili ikawa na jina la kamishna mmoja, Bud Selig, na Rob Manfred alichukua ukamishna Januari 2015. Tena angalia kiwanda, Rawlings walianza kutengeneza mipira ya ligi zote mbili 1977, kabla yake utakuta Spalding au Reach.

Juzi kati kijana mmoja wa Igoma kaniletea mpira kaufunga kwenye kitambaa safi, kautunza vizuri kabisa. "Kaka, hii si ndo saini ya Mickey Mantle, yule wa Yankees?" Saini ilikuwa imetulia, wino wa bluu, imekaa pale pazuri ambapo mishono inakaribiana. Nikamwambia zungusha mpira usome maandishi ya kiwanda. Akasoma herufi kwa herufi, Allan H. Selig. Huyo ndo Bud Selig, jina lake kamili. Mantle alifariki Agosti 1995. Mpira wa kawaida wa ligi wenye jina la Selig unaanza 2000. Alikuwa bado hajalipa, ameachiwa tu akaonyeshe watu, kwaiyo akaurudisha na hela yake ikabaki mfukoni.

Mifano mingine ya haraka ya kuweka kichwani, yote ni mastaa wa besiboli. Tony Gwynn alifariki Juni 2014, saini yake haiwezi kuwa kwenye mpira wa Manfred. Roberto Clemente alikufa kwenye ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka misaada Nicaragua, haiwezi kuwa kwenye mpira wa ligi wa Rawlings. Upande wa peni, hizi peni za kidoti tunazotumia kila siku zilianza kuuzwa Marekani mwisho wa 1945, na Lou Gehrig alifariki Juni 1941, kwaiyo Gehrig wa peni ya kidoti hayupo. Maka peni zilianza kuenea miaka ya 1950 na 1960, Sharpie yenyewe ni 1964, na Babe Ruth alifariki Agosti 1948. Ukiona Babe Ruth kwa maka peni nyeusi achana nayo hapohapo hata uambiwe ilitoka kwa nani.

Hii hesabu inafanya kazi hata kwa vitu vyetu vya soka. Samatta aliingia Aston Villa Januari 2020, akavaa namba 20, jezi ya msimu ule ilikuwa ya Kappa na kifuani imeandikwa W88. Septemba mwaka huohuo akaenda Fenerbahçe. Mtu akikuletea jezi ya Villa yenye Samatta 20 mgongoni, alafu kifuani ni mdhamini wa miaka ya baadae, anakwambia alisaini akiwa Villa, muulize vizuri alisainia wapi na lini.

Tukija kwenye wino. Wino wa maka peni kwenye ngozi haukai palepale, miaka inavyokwenda unasambaa, pembeni ya mstari panakuwa na kivuli cha zambarau au cha njano. Kwaiyo mtu akikwambia saini ya maka peni ina miaka thelathini na mstari bado mkali kama wa jana, kuna shida. Peni ya kidoti inatulia zaidi na inaacha kimfereji chembamba kwenye ngozi, ndo maana wakusanyaji wanaipenda kwa mipira, hasa ya bluu.

Alafu kuna ujanja wa kuzeesha mpira. Wanachukua mpira wa zamani kweli, mtupu, au mpya wanauchovya kwenye chai mpaka uwe kahawia, ndo wanasaini juu. Hapo rudi kwenye lenzi. Ngozi ya zamani ina nyufa ndogondogo. Kama saini iliandikwa zamani, ufa unakuja baadae unaukata mstari wa wino, ndani ya ufa utaona ngozi tupu. Kama saini imeandikwa juu ya ngozi ambayo ilishapasuka, wino unazama ndani ya ufa na unatambaa pembeni kama maji yanavyotambaa kwenye udongo uliokauka. Hiki kitu ukikiona mara moja hutakisahau tena. Na mpira wa chai unajulikana pia kwa harufu, na rangi yake imeenea sawa kila sehemu mpaka chini ya mishono, wakati uzee wa kweli unakuwa na mabaka, upande uliokaa gizani mweupe na upande uliopigwa jua wa njano.

Kuna na taa ya zambarau ya kukagulia noti feki, maduka ya kubadilisha hela wanazo na mawakala baadhi. Karatasi na nyuzi za kisasa zina dawa ya kung'arisha, na dawa hizo zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Picha ya mchezaji au karatasi iliyosainiwa, inayosemekana ni ya 1930, ikiwaka bluu kali chini ya taa hiyo, sio ya 1930. Ila angalieni kwenye jezi, sabuni za unga nazo zina hiyo dawa, jezi ikifuliwa mara moja tu itawaka hata kama ni ya zamani. Kwenye jezi za mitumba taa haikusaidii.

Sasa mkono wenyewe, na hapa naomba uwe mvumilivu. Mtu anayesaini jina lake mwenyewe haliwazi, anafyatua. Peni inatua ikiwa tayari inatembea na inaondoka ikiwa bado inatembea, kwaiyo mwanzo na mwisho wa mistari unakonda, una mkia. Anayeiga anachora. Anaanza na kidoti kizito, anakwenda taratibu, mstari unatetemeka kwenye mikunjo, anainua peni katikati ya herufi pale ambapo mwenye jina angeunganisha, na mwisho unakatika butu. Usiangalie umbo la herufi kwanza, maana umbo ndo kitu rahisi kuiga, angalia mwendo. Geuza mpira juu chini uone ile saini kama mchoro tu bila kusoma jina, mtetemo unaonekana vizuri zaidi hivo.

Linganisha na saini zilizothibitishwa za miaka ileile. Hao wachezaji walikuwa wanabadilika, Mantle wa miaka ya 1950 na Mantle wa uzeeni akisaini kwenye maonyesho ni mikono miwili tofauti kabisa, hata M zake hazifanani. Na ukikuta saini mbili zinafanana mia kwa mia, ukaziweka moja juu ya nyingine zikalala sawa, usifurahi. Hakuna binadamu anayesaini mara mbili sawasawa. Mojawapo imefuatishwa au zote zimetoka kwenye mashine ya kusaini, zile mashine zinazoshika peni na kurudia saini moja, zinatumika sana kwenye picha na barua za mashabiki.

Vilevile zamani mastaa walikuwa na watu wa kuwasainia, vijana wa chumba cha kubadilishia nguo walisaini mipira mingi kwa niaba yao. Hiyo mpira ni wa mwaka sahihi, wino ni wa mwaka sahihi, hadithi ni ya kweli kwamba ulitoka kwenye timu, na saini bado sio yake. Ndo maana hata ukivuka hatua zote za juu bado utahitaji jicho la mtu aliyeona saini nyingi za mchezaji huyo.

Kingine, muuzaji mmoja akiwa na mpira, jezi, glovu na picha, wachezaji tofauti wa miaka tofauti, na zote zina maka peni ileile na mkandamizo uleule, ondoka. Upande mwingine, saini yenye maneno ya mtu binafsi, mfano kwa Mike, kila la heri, wanaoghushi wanaikwepa kidogo kwa sababu inashusha bei, kwaiyo usiidharau.

Vyeti. Jamani cheti ni karatasi, na karatasi inachapwa hata hapa Makoroboi. FBI walifanya operesheni iliyoitwa Operation Bullpen, ofisi ya San Diego, 1999 wakavamia mtandao wa waghushi California. Tony Gwynn mwenyewe aliwahi kukuta saini feki za jina lake zinauzwa kwenye duka la timu yake. Katika vilivyokamatwa kulikuwa na mpira wenye saini ya Mama Teresa, mtawa wa Calcutta. Na mizigo yao ilikuwa inauzwa na vyeti vizuri kabisa, kwa sababu mtandao uleule ulikuwa na watu wa kutoa vyeti. Cheti kinachotolewa na muuzaji mwenyewe kina thamani ya neno la muuzaji tu.

Vinavyoheshimika ni vichache. MLB wenyewe wana mpango tangu 2001, shahidi anakuwepo pale saini inapoandikwa, na mashahidi hao ni watu waliowahi kuwa au ambao ni polisi, kitu kinabandikwa stika ya hologramu yenye namba. Alafu kuna kampuni za kukagua, PSA, JSA na Beckett, hizi mara nyingi hazikuwepo wakati wa kusaini, zinatoa maoni ya wataalamu, lakini ndo maoni ambayo soko linayakubali. Zote zina tovuti ya kuingiza namba. Ingiza namba, usiishie kuona "ipo". Soma imeandikwa nini. Waghushi wanachukua namba ya kweli ya mpira wa kweli wanaichapa kwenye stika feki, kwaiyo tovuti itakubali, ila itasema ni picha wakati we umeshika mpira, au jina ni la mchezaji mwingine. Pia hologramu ya kweli haibanduki ikiwa nzima, inachanika, stika iliyoinuka kona ikiwa nzima ni dalili mbaya.

Hadithi ya kitu inasaidia kama ina ushahidi. Kanda hii ya ziwa imekuwa na Wamarekani siku nyingi, wamisionari Wakatoliki wa Maryknoll kutoka Marekani wapo Musoma tangu 1946, kwaiyo sio ajabu familia kuwa na glovu au mpira wa zamani ambao mzee alipewa na padri. Basi ulizia picha, barua, bahasha yenye stempu, mwaka padri aliofika na mji aliotoka. Mtu wa Chicago kuwa na mpira wa Cubs inaeleweka. "Nilipewa na mzungu" peke yake haitoshi kulipia hata elfu ishirini.

Ukiona kitu kimepita hatua zote, usikifue, usikipige dawa ya viatu, na tafadhali usipitishe peni juu ya saini iliyofifia ili ionekane, ukifanya hivo umeiua. Kiweke mbali na jua na mbali na bati, usikifunge kwenye nailoni maana joto letu na unyevu wa ziwa vinaleta ukungu, karatasi nyeupe safi ndani ya boksi inatosha. Piga picha kivulini mchana, pande zote, weka rula pembeni, saini yenyewe ipige kwa karibu na muhuri wa kiwanda pia. Kuna huduma za maoni ya awali kwa picha, bei yake ni ndogo kuliko kutuma kitu chenyewe, sio cheti lakini zitakuzuia kulipa nauli ya mzigo mpaka Marekani kwa kitu ambacho kitarudishwa. Na kwa muuzaji, toeni kianzio kidogo, andikishaneni mbele ya shahidi kwamba majibu yakija kuwa feki hela inarudi yote na mzigo unarudi, weka na tarehe ya mwisho. Muuzaji anayeuamini mzigo wake ataandika. Akigoma, mrudishie mpira wake mkononi ukiwa vilevile alivyokupa.